Baba alipobaki na neno moja

Septemba 2021, siku ya Alhamisi, baba yangu alirudi msikitini baada ya swala ya alfajiri, akakaa kibarazani kwetu Tandika, Dar es Salaam, akaniita. Nilitoka na kikombe cha chai. Alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande wa kulia, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikamuuliza, "Baba, vipi?" Akanitazama kwa macho ya mtu anayekijua kabisa anachotaka kusema. Nimeyakumbuka macho yale mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha siku ile, kwa sababu yaliniambia mapema jambo nililochukua miezi kulielewa.

Naandika haya kwa ajili ya watu watakaofika hapo tulipofika sisi. Kiharusi hakibishi hodi. Kingetukuta tunajua machache tu, tusingepoteza vingi.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Tulianza kubishana saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi akasema huyu kachezewa, hawezi kulala mzima akaamka bubu. Kaka yangu, ninayemzidi umri, akasema presha, alale kidogo. Mimi ndiye mtoto mkubwa, mama alishatangulia mbele ya haki tangu 2015, na uamuzi ulikuwa wangu. Nikamsikiliza shangazi. Tulikodi bajaji mpaka Mbagala kwa mtu anayesifika kwa visomo. Akatuandikia kombe, baba akanyweshwa. Maji yakapita njia ya pumzi. Alikohoa mpaka akawa mweusi usoni, na sisi tukasema hilo ndilo linalotoka.

Hospitali tulifika saa kumi jioni. Daktari aliuliza swali moja: "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Nilipomjibu, alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na kwamba kwa mtu mwenye damu iliyoganda ipo dawa ya kuyeyusha bonge hilo. Dawa hiyo ina muda wake, saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya kipimo cha siti skani kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Si kila hospitali inayo, akasema, lakini baada ya saa kumi hakukuwa na la kujadili. Kipimo tulilipa laki mbili na nusu. Kikaonyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo.

Kwa hiyo kabla sijaendelea: mdomo ukipinda, mkono mmoja ukishindwa kuinuka sawa na mwenzake, maneno yakikorogeka ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Dua isomwe ndani ya gari. Na usimpe mgonjwa maji, uji wala dawa ya kumeza mpaka mhudumu wa afya apime kama koo lake linameza vizuri. Lile kombe lilimletea baba homa ya mapafu iliyotuweka wodini siku tisa. Ukijumlisha vipimo, kitanda, dawa na nauli zetu, ilitutoka milioni mbili na laki tatu. Bima hatukuwa nayo.

Siku ya nne wodini baba alipata neno. Sista alimuuliza kama amelala vizuri, naye akajibu, "Ndiyo." Tulilia kwa furaha. Shangazi akauliza kama anamtambua. "Ndiyo." Kaka akauliza kama ana njaa. "Ndiyo." Tukapigia simu ukoo mzima kwamba mzee amerudi.

Ilikuwa ndiyo tu. Akitaka maji, ndiyo. Akitaka kugeuzwa, ndiyo, ndiyo. Akikasirika, "Ndiyo! Ndiyo!" huku mkono wa kushoto unapiga kitanda. Tulirudi nyumbani na neno hilo moja, na baada ya wiki chache watoto wa mtaani walianza kumwita Mzee Ndiyo. Sikuwakemea. Siku moja nilijikuta nami nimelisema jina hilo nikiongea na jirani, baba akiwa hatua mbili kutoka kwangu.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipokaa. Mimi niliamini, bila kuwahi kujiuliza, kwamba kuwaza ni kusema kimoyomoyo. Nikiwaza huwa najisikia kabisa naongea ndani: kesho niamkie Kariakoo, yule mama wa vitenge ananidai, mvua hii itaingia dukani. Basi nikaona ambaye maneno yamemwisha, mawazo nayo yamemwisha. Baba akageuka mtu wa kuoshwa na kulishwa. Tulizungumza juu yake mbele yake. Tulibishana kitandani kwake nani anachangia nini. Shangazi alisema wazi, "Huyu hayupo tena, mwili tu," na baba alikuwa amefumbua macho.

Novemba madeni yakatufika shingoni. Baba alikuwa na kiwanja Chamazi, ishirini kwa ishirini, alichokinunua kwa fedha ya kutengeneza redio Gerezani miaka mingi. Tukakaa kikao. Kaka akamuuliza, "Baba, tuuze kiwanja cha Chamazi tukutibie?" Baba akasema, "Ndiyo." Machozi yakamtoka. Kaka akauliza tena. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Tukasema mzee ameridhia, analia kwa uchungu wa mali yake, ni kawaida. Tukamshika dole gumba, likachovywa wino, likabanwa kwenye karatasi. Kiwanja kiliondoka kwa milioni saba, na wenye kujua bei za Chamazi walituambia tumekitupa.

Nimeandika tukamshika. Mkono ule ulikuwa unavuta kurudi nyuma. Nilidhani ni kiharusi, na ulikuwa mkono wake wa kushoto, mzima.

Nilianza kushtuka Januari, kwa jambo dogo. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kupangisha, elfu sitini kila kimoja kwa mwezi. Wapangaji walilipa miezi miwili kwa pamoja na kaka akaja kuhesabu mbele ya baba, kama ilivyokuwa desturi. Akaweka laki moja na themanini mezani, akasema ndiyo yote. Baba akaanza, "Ndiyo! Ndiyo!" Akazisukuma noti kwa mkono wa kushoto, akaonyesha mlango wa chumba cha kwanza, vidole viwili. Akaonyesha mlango wa pili, vidole viwili. Kisha akaigusa meza na kuinua vidole vitatu, akimtazama kaka mpaka kaka akainamisha kichwa. Elfu sitini ilikuwa mfukoni mwake.

Nilikaa chini. Vyumba viwili, miezi miwili, malipo manne, mezani yako matatu. Hesabu ile ilifanyika wapi, na kwa lugha gani?

Kwenye kliniki iliyofuata nilimweleza daktari, kijana wa mafunzo ya vitendo mwenye subira isiyo ya kawaida. Akanifundisha jina: afasia. Akasema kiharusi kimeharibu sehemu ya kutengeneza maneno, na kwa watu wengi sehemu hiyo iko upande wa kushoto, ndiyo maana imekwenda pamoja na mkono na mguu wa kulia. Akili, akasema, si nyumba ya chumba kimoja. Halafu akamgeukia baba, si mimi, akamuuliza: "Mzee, wewe ni mwanamke?" Baba akasema, "Ndiyo," na papo hapo akatikisa kichwa kwa hasira, akapiga paja. Daktari akaniambia, "Umeona? Ulimi umesema moja, mtu amesema jingine. Mwamini mtu."

Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Kiwanja cha Chamazi kilinijia chote.

Kipimo hicho ndicho ninachompa kila anayenipigia simu siku hizi. Kabla hujaamini ndiyo ya mgonjwa wa kiharusi, muulize kitu ambacho jibu lake unalijua. Akikosea, achana na mdomo, tafuta njia nyingine: dole gumba juu au chini, kadi mbili zenye alama ya vema na ya mkasi, picha kwenye simu. Sisi tulichora kwenye boksi la sabuni kikombe, choo, msikiti, kitanda, mtu anayeumwa, nyuso za watoto wote. Uliza swali moja, zima televisheni, kisha ngoja. Kungoja ndiko kugumu. Mimi hujihesabia mpaka kumi na tano kimyakimya, na mara nyingi jibu huja kwenye kumi na mbili, pale ambapo zamani ningekuwa nimeshamjibia. Na karatasi ya mali isiguswe kabisa katika miezi hiyo. Kama hapana budi, aitwe daktari aseme kwa maandishi kama mgonjwa anaelewa anachoulizwa.

Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, baba akishalala. Nilikutana na habari ya mtu mmoja wa Ufaransa aitwaye Leborgne, aliyekaa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris miaka 21 akiwa hawezi kusema lolote ila silabi moja, "tan". Wenzake wakamwita Tan. Mwaka 1861 alipofariki, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto, na mpaka leo sehemu hiyo inaitwa kwa jina la Broca. Kila anayesoma habari za ubongo anamjua Tan. Mimi nilibaki kwenye ile miaka 21. Watu wanakuita kwa silabi uliyoshindwa kuivuka, na ndani unalijua jina lako. Asubuhi yake nilikwenda kwa wale watoto wa mtaani, nikawaambia jina la baba yangu, na kwamba wamsalimie shikamoo wakingoja aitikie kwa mkono.

Nikasoma pia kwamba mwaka 2005 watafiti wa Uingereza, akiwemo Rosemary Varley, waliwapima wanaume watatu wenye afasia kali. Watu hao walichanganyikiwa wakipewa sentensi ambayo ukigeuza mpangilio wa maneno unageuza nani kamtenda nani. Kwenye hesabu, hata zile za kutoa ambazo namba ikihama mahali jibu linabadilika, walikwenda vizuri. Nikawaona wapangaji wetu, na vidole vya baba.

Lakini nisije nikamdanganya mtu kwamba lugha ni nguo tu unayoivua mawazo yakabaki vilevile. Baba alipotea kwenye mambo ya wakati. Jana na kesho zilimchanganya. Alishindwa kupanga shughuli yenye hatua nyingi, na nilimwona akianza kitu, akisimama katikati kama mtu aliyekatiwa umeme. Nina mpwa wa miaka minne ambaye hawezi kusukuma gari lake la kopo bila kutangaza: sasa linapita, sasa linakata kona, ngoja trafiki. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alisema usemi huo wa mtoto haufi, unaingia ndani na kuwa ile sauti tunayojielekezea nayo. Nikimtazama baba nadhani hicho ndicho alichopungukiwa, sauti ya ndani ya kumwambia "sasa fanya hili". Basi nikawa mimi sauti hiyo: baba, kwanza soksi, sasa kiatu. Alikuwa akifika mwisho.

Kulikuwa na ajabu nyingine, ya upande wa pili. Usiku mmoja nilisikia Al-Fatiha ikisomwa chumbani kwake, kutoka bismillahi mpaka amin, bila kujikwaa. Nilikimbia nikiita watu. Tukamwomba aseme "maji". Hakuweza. Kaka alidhani mzee anatufanyia makusudi siku zote. Daktari akasema yaliyohifadhiwa kwa miaka, kama sala, nyimbo na kuhesabu moja mpaka kumi, mara nyingi hubaki, kwa kuwa hayapiti njia ileile ya kuchagua neno moja moja. Tukaanza kumwimbisha. Kwa wimbo alipata "habari za asubuhi" mwezi wa tatu. Wataalamu wa tiba ya usemi hapa kwetu ni wachache mno, na tulimpata mmoja kwa wiki sita tu, elfu thelathini kila mara. Mengine tulijifunza kwa kumtazama akifanya.

Februari 2022 wenzake wa kijiweni wakaja na bao. Niliwakatalia mlangoni. Niliogopa watamwaibisha, au niliogopa kuona. Mmoja wao, mzee niliyemjua tangu nikiwa mdogo, akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukuja kuongea naye. Tumekuja kucheza."

Wakaliweka chini ya mkungu. Mashimo 32, kete 64, kila mtu ameweka kumi ubaoni na 22 mkononi. Kete zilimponyoka baba, mkono wa kushoto haukuzoea. Wakaziokota, wakangoja. Kwenye kunamua, pale kete za mkononi zinapoingizwa ubaoni moja moja, alikuwa mzito, akitazama muda mrefu, na mara mbili aliitazama nyumba yake, lile shimo kubwa la ubaoni, kama mtu anayeangalia mlango. Akaila kete ya mwenzake, kete zake zikamfikisha nyumbani. Hapo mtu huchagua, alale, yaani aishie hapo, au asafiri na kete zote za nyumba. Baba akalala. Mzee mwenzake akaguna kwa heshima, na waliosimama wakaelewa kwamba anaitunza nyumba kwa ajili ya mbele. Wakaingia mtaji, ambako kete zinazunguka shimo hadi shimo, na mchezaji lazima ajue kabla hajaanza zitaishia wapi. Mpinzani anasema, watazamaji wanatambiana, kila mtu ana la kueleza. Baba kimya. Akatazama, akachota, zikazunguka, zikala, zikazunguka tena, na mahali pa mwisho zilipofia macho yake yalikuwa yametangulia.

Nilisimama pale nikiwa na sahani ya kashata. Hakuna neno lililopita katika fikra ile, au kama lilipita sikuwa na njia ya kulijua. Nikajichunguza nami. Nikitafuta jina la mtu nikasema limeniponyoka, mwenyewe si ninamwona? Najua sura, duka lake, deni lake. Jina tu ndilo halipo. Ningewezaje kulikataa jina lisilo lake ("si Mwajuma, si Mwajabu") kama kitu chenyewe hakiko tayari mbele yangu? Tangu siku ile naona mawazo yangu mengi yanakuja hivyo, kwanza kitu, kisha neno linakimbilia kukivika.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwanzoni mwa Aprili. Daktari alimkataza kufunga, akakubali. Swala ndiyo iliyomtesa. Fatiha aliipata usiku mmoja, usiku mwingine ikagoma, akatoka kwenye mkeka akilia. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamwuliza kama swala ya mtu huyu inaswihi. Akanikumbusha kitu ambacho baba mwenyewe alinifundisha nikiwa na miaka saba, nilipokuwa najisumbua kuitamka nia ya saumu kwa Kiarabu: nia mahali pake ni moyoni, ulimi ni wa kusaidia. "Asiyeweza kutamka hakulazimishwa kutamka," akasema. "Mwambie baba yako asimame kwa nia yake." Nilimwambia baba maneno hayo. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

Kuna huzuni ambayo haikuwa ya swala wala ya kiwanja. Takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, na mtu asiye na maneno hawezi kukuambia. Iangalie kwenye chakula kinachorudi jikoni, usingizi, kukataa kunyolewa. Sisi tulichelewa miezi mitatu tukidhani ni ukali wa mzee. Alipoanzishiwa dawa, pamoja na lile bao la kila jioni, alianza tena kudai redio yake.

Juni nilimwambia habari ya Chamazi. Nilimkalisha, nikazima kila kitu, nikatoa picha ya kiwanja kwenye simu na karatasi yenye dole lake. Nikasema, "Baba, nilikuuliza vibaya. Uliposema ndiyo, ulikuwa unakataa?" Nikamwekea kadi mbili. Aligusa ya vema kabla sijamaliza kuhesabu tatu.

Akataka kwenda. Tulichukua bajaji, tukasimama kando ya barabara, kwa sababu mwenye kiwanja alishajenga ukuta. Miembe miwili aliyoipanda baba ilikuwa imebaki, inachungulia juu ya tofali. Alisimama na fimbo yake, akaihesabu kwa kidole, mmoja, wa pili, akaonyesha mahali ambapo wa tatu ulikuwa. Nikamwomba radhi kwa sauti, mbele ya dereva. Baba akaweka mkono wa kushoto kichwani pangu, kama alivyokuwa akifanya nikirudi shule, akasema, "Ndiyo."

Nikatoa kadi kwenye mkoba, nikamshikia zote mbili. Hakuzitazama. Alikuwa anatazama miembe.